Neno Lisilokanyagwa

Hebu nikuulize wewe unayenisikiliza: mtu akifukia kitu uani kwake, halafu kila akipita pale akawa anaruka ili asipakanyage, je, majani yatakayoota hapo pasipokanyagwa hayatamwonyesha jirani kitu kilipo?

Usinijibu sasa. Kaa nalo kwanza. Somoe naye alikaa nalo, tena alikaa juu yake kabisa kama kuku aliyeatamia jiwe, mpaka siku alipokuta sikio kwenye mkeka wake.

Somoe alikuwa mkandaji wa picha. Mji aliokaa haukuwa na jina. Ulipewa mengi, ila kila lililoandikwa langoni Kioo kililisoma kinyumenyume, wenyeji wakachoka kuandika. Kioo hicho kilisimama katikati ya mji, kirefu kuliko minara, na njaa yake ilikuwa moja tu, sura za watu. Sura yako ikishaingia Kiooni, iwe kwa wewe kupita mbele yake au kwa picha yako kuonyeshwa, basi popote ulipo unainuka, unaacha tonge sahanini, unaacha mtoto na kilio chake, unatembea. Ukifika unasimama upande wa ndani. Na walioko ndani ukiwapungia mkono wanakupungia. Hilo ndilo lililowaogofya watu, kwamba wanakupungia vizuri tu, kwa mkono uleule, wakati uleule, kama vile aliyeko ndani ni wewe.

Kwa hiyo aliyekuwa na mtu wa kumficha alichukua picha yake akaipeleka kwa mkandaji.

Usidhani kukanda picha ni kuvuruga tu, kama mtu anavyochanganya mchele na mbaazi. Ukivuruga ovyo hutaweza kuchambua tena, na picha imekufa. Kukanda ni fujo yenye adabu. Picha hulowekwa mpaka ikaachana punje punje, kila punje na rangi yake, kisha hulazwa ubaoni robo baada ya robo, maana nzima haienei. Unaisukuma kama chapati mpaka iwe ndefu mara mbili na nyembamba nusu. Unaikata vipande, kila kipande na upana wake. Unavipanga kimoja juu ya kingine, unakunja, unasukuma tena. Jicho lililokuwa jirani na jicho linajikuta mbavuni mwa shati. Duru chache zikipita, kilichobaki ni kijivu kitupu, unakitandika, unakitundika ukutani, mgeni akija anakiona mkeka.

Na ule upana wa vipande ndio ufunguo. Ukikosea kipande kimoja kwa unene wa unywele, duru ya kwanza huoni kitu. Ya pili unaona kidogo. Baada ya hapo umeshafika mji mwingine kabisa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wakandaji walisema ufa uacheni, ufa ndio mlinzi wetu.

Ila ufunguo mmoja hautoshi. Kila duru inataka wake, la sivyo mkono unazoea, na mkono ukizoea, kijivu huota mistari, na mtu mwenye subira huisoma mistari ile kama anavyosoma viganja. Basi ufunguo wa kwanza huitwa mama, na mama huzaa mabinti, binti mmoja kwa kila duru. Utu wa mkandaji ulipimwa hapo: mabinti amewazaaje?

Somoe aliwazaa kwa neno. Aliokota neno moja, akazigeuza herufi zake kuwa vipimo vya kisu, herufi hii upana wa kidole gumba, herufi ile upana wa ukucha. Neno hilo lilikuwa mama. Kisha akalizungusha: binti wa kwanza alianza na herufi ya pili, binti wa pili na ya tatu, hivyo hivyo mpaka wakaisha. Na neno lenyewe alilichagua kwa akili, au kwa kile alichokiona akili. Alichagua neno ambalo halijapata kutoka kinywani mwake hata mara moja tangu aolewe. Alijiambia, neno nisilolitamka, nani atalisikia?

Mkeka ule ulikuwa wa mumewe. Tumwite mwenyewe, kama Somoe alivyomwita. Mwenyewe alikataa kupita mbele ya Kioo siku ya kuhesabiwa sura, akaondoka asubuhi ya Alhamisi katika wiki iliyokuwa na Alhamisi mbili, na hakuna ajuaye ameondoka katika ipi. Nyuma yake alibakisha picha moja. Picha ile ikiendelea kuwa kijivu, mwenyewe atakuwa mahali fulani anakula, analala, anajikuna. Picha ile ikifunguka mbele ya Kioo, atainuka na kutembea.

Jambo jingine la kumjua Somoe: alisemwa kuwa hana adabu ya ulimi. Akiishiwa chumvi husimama mlangoni kwa jirani na kusema, "Nipe chumvi." Dukani, "Nipimie sukari." Hata msibani kwa watu, "Nisogezee jamvi." Wanawake wenzake walimcheka pembeni, wakasema huyu aliachishwa ziwa kabla ya kufunzwa maneno. Lakini walimpa, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na adabu kuliko ulimi.

Sasa sikio.

Ilikuwa mchana wa jua kali, mwanga umejaa sebuleni. Somoe aliinua macho kutoka kwenye kazi yake, akaona katika robo ya kushoto ya mkeka kitu ambacho kijivu hakikupaswa kuwa nacho. Mkunjo. Ndani ya mkunjo, mkunjo mdogo zaidi. Ndewe ya sikio, na kwenye ndewe kile kijikovu cha kuumwa na jogoo utotoni, ambacho aliwahi kukigusa mara nyingi gizani.

"Wifi," aliita.

Mwatime, dada wa mwenyewe, alikuwa kizingitini na ungo wake anachambua mchele. Alikuwa ameishi nyumba ile tangu kaka yake aondoke, mwanamke mnene wa kicheko, mwenye jibu la kila kitu.

"Nani kagusa mkeka?"

"Mkeka upi?"

"Nyumba hii ina mikeka mingapi?"

"Mmoja umetundikwa, mmoja kaulalia paka, na mmoja umeulalia wewe tangu asubuhi unasema unafikiri."

"Mwatime, sitanii."

"Mbona mimi natania? Wifi asipotaniwa ataota pembe."

"Kuna sikio."

Mkono wa Mwatime ulisita. Kidogo sana, lakini Somoe aliuona. Ukachukua punje moja ya mchele, nzima, nyeupe, isiyo na kosa lolote, ukaitupa nje.

"Labda limerudi lenyewe," Mwatime akasema. "Si huwa unasema sura zinarudi?"

Kweli, hurudi. Hiyo ni siri ya wakandaji na ndiyo aibu yao. Fujo ya kweli haina mwisho, lakini ubao una mwisho na punje zina idadi, kwa hiyo ukikanda mno, ukapita kiasi, siku moja vipande vyote hujikuta nyumbani kwao na sura inaibuka ikikutazama, kana kwamba safari yote ile ilikuwa kuzunguka nyumba. Lakini sura hurudi kwa kuendelea kukandwa. Mkeka uliotundikwa hausogei. Mtu aliushusha, akaulaza ubaoni, akakata kinyumenyume kwa vipimo vya mama na mabinti wote, kisha akaurudishia haraka bila kumaliza. Na kwenye kazi hii hakuna kukaribia. Ama umefika, ama hukuondoka. Aliyelifikia sikio alilijua neno.

Somoe alimtazama Mwatime mgongoni. Mgongo nao ulikuwa kama unamtazama.

 Somoe aliingia ndani akatoa picha mbili za birika lilelile, zile za kujaribia, akazikanda. Ya kwanza kwa neno lake. Ya pili kwa neno lilelile, ila kipande kimoja akakizidisha unywele. Akaweka vijivu viwili sambamba dirishani, akavitazama mpaka macho yakamchuruzika. Ingepasa visijuane. Lakini vilijuana. Katika vyote viwili, ukikaza macho, palikuwa na kivuli kilekile kilichopinda: mdomo wa birika.

Mabinti wanafanana na mama.

Nimewazungusha tu, Somoe akajiambia. Nimemvisha binti kanga ya mama, nikaigeuza upande wa pili, nikasema huyu ni mtu mwingine.

Kata. Kunja. Nani alikuwepo nilipokata?

Paka alikuwepo. Wifi alikuwepo. Kioo kidogo kilikuwepo.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema, wakafikiri wanamtukana nyoka. Wanamtukana mama. Ukimshika binti mmoja tu umeshamshika mama mkono.

Sukuma. Na neno? Neno sijalisema. Mimi sijalisema. Nani kalisema?

Kila nyumba ya mji ule ilikuwa na kioo kidogo ukutani, mtoto wa Kioo kikubwa, na kila kioo kidogo kilikuwa na mfutaji wake, aliyekitumikia Kioo kwa kusaka pia sura zilizofichwa. Mfutaji wa mtaa wa Somoe alikuja siku ileile, au siku iliyofuata ikiwa imetangulia, maana saa za mji zilisomwa Kiooni na mara nyingine zilikwenda nyuma. Alikuwa mtu mpole mwenye glavu nyeupe. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akavipanga.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," alisema Mwatime, akajifunika vizuri.

"Nimekaribia, Bimkubwa. Bi Somoe, hujambo? Hamjambo nyote? Mwenyewe hajambo alipo?"

"Hajambo," Somoe alisema, na papo hapo akajua kwamba amekosea kumjibia mtu ambaye hapaswi kujua habari zake.

Mfutaji hakuonyesha kusikia. Alifuta kioo kwa kitambaa laini, akahemea juu yake, akafuta tena. Kisha alikaa kwenye kiti, akamiminiwa kahawa na Mwatime, na alipomaliza akachukua kikombe cha Somoe kilichokuwa mezani, akakiweka juu ya goti lake kama mtu aliyesahau.

"Nipe kikombe changu," Somoe alisema.

"Hiki? Ni chako, nani atakunyima. Kiombe tu."

"Nipe."

"Mimi ni mgeni, Bi Somoe, tena ni mtu mzima. Sema naomba, nikupe. Ni kaneno kadogo. Watoto wanakasema."

Somoe alifungua kinywa. Mwatime aliinua uso kutoka kwenye birika. Kinywa kilibaki wazi, na ndani yake, badala ya neno, palikuwa na shimo la umbo la neno. Akakifunga.

"Kaa nacho basi," akasema.

Mfutaji alitabasamu kwa huzuni, kama mtu aliyepewa zawadi ambayo hakutarajia kupewa mapema hivyo. "Mtaa mzima nimeuliza habari zako. Wote wanasema huna adabu. Hujaomba chumvi, hujaomba njia, hujaomba radhi. Mimi nikasema hapana. Mwanamke anayekanda vile hakosi adabu. Labda anazo nyingi mno." Alikiweka kikombe mezani polepole, mkono wake wa kulia kwenye sikio la kikombe. "Mke mwenye heshima halitaji jina la mumewe. Wengine, wale wa zamani, hawakutaja hata neno linalofanana nalo. Kulikuwa na bibi mmoja mumewe akiitwa Mwezi, akahesabu umri wa watoto wake kwa misimu tu. Wewe mumeo naye, wazazi wake walimpata baada ya kumwomba Mungu sana, sivyo? Na wazazi wa namna hiyo humwitaje mtoto?"

Hakungoja jibu. Alivaa viatu vyake. "Kesho jua likishapinduka nitakuja na ubao wangu. Si kwa ubaya. Naufuta ukungu tu, ndiyo kazi niliyopewa."

Alipotoka, Somoe alimgeukia wifi yake.

"Umemwambia," Somoe alisema.

"Sikumwambia."

"Basi kajuaje?"

"Wewe umemwambia, wifi yangu. Kila siku. Kila mlango uliosimama na bakuli la chumvi." Mwatime hakuwa anacheka. "Nyumbani humu kuna neno moja unaliruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Nani asiyejua kuna dimbwi? Asiyejua ni wewe, kwa kuwa ndiye unayeruka. Sisi wengine tunaona kanga inavyopandishwa."

"Na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu fungate. Uliletewa uji ukasema, 'Ongeza sukari.' Mama yetu aliniambia, mwangalie huyu, anamheshimu mtoto wangu mpaka anatutukana sote."

Somoe aliketi. Fikiria jinsi alivyoketi, ewe unayesikiliza: kama mtu aliyegundua kwamba mlango aliokuwa akiulinda kwa upanga ulichorwa tu ukutani, na wa kweli uko nyuma yake, wazi, na upepo unaingia. Alidhani siri ni kitu kisichosemwa. Lakini kisichosemwa nacho kina umbo, kama tundu kwenye nguo lilivyo na umbo, na mtu akiwa na tundu anaweza kukata kiraka kinacholingana. Wanaosema wanajifichua kwa kusema. Wanaonyamaza wanajifichua kwa pale wanaponyamazia. Basi mtu atajificha wapi, ikiwa kelele zake na kimya chake vyote ni picha yake?

"Kwa hiyo sikio ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Unataka waje wamchukue?"

"Ningetaka hivyo ningefungua uso. Nilifungua robo moja, nikaacha nilipoona sikio. Nilikuwa nalirudishia nikasikia ndara zako."

"Sikio ulitakia nini?"

"Sikio hutakiwa nini? Nilitaka kumwambia kitu. Wanasema picha ikifunguka, mwenye picha husikia huko aliko, hata kama ni kama kuwashwa tu."

"Ulimwambia nini?"

Mwatime aliokota ungo wake. "Hilo sikuambii."

Na shuku zikarudi, zikakaa katikati yao kama mgeni wa tatu, zikanyoosha miguu.

Asubuhi iliyofuata walishusha mkeka. Hakukuwa na njia nyingine, maana ufunguo haubadilishwi bila kufungua kwanza, kama vile huwezi kubadili kitasa mlango ukiwa umefungwa na wewe uko nje. Walikigeuzia ukutani kile kioo kidogo, wakafunga madirisha yanayotazama katikati ya mji, wakaacha lile la uani. Somoe alikata kinyumenyume, binti wa mwisho kwanza, mpaka kwa mama. Kijivu kikaanza kuwa na joto. Kahawia ikaiendea kahawia. Sura ikaja.

Nayo haikuja moja. Somoe aliona mwanamume mwenye mvi za mapema, shavu la kulia limebonyea kwa kulalia mkono. Mwatime, kutoka upande wa pili wa ubao, aliona kijana wa jando mwenye meno makubwa. Wakabishana kwa sauti ya chini. "Hana mvi." "Anazo, tazama." "Hilo ni vumbi." Punje zilikuwa zilezile. Kila mmoja alikuwa amekuja na mtu wake.

Somoe akafikiri jambo ambalo hakulipenda. Kioo kinawaweka watu kwa kuwaonyesha. Mimi namweka mtu kwa kumficha. Yeye mwenyewe, huko aliko, ikiwa anawashwa sikio, atajuaje ni nani kati yetu anayemshikilia?

"Tutafunga kwa neno lipi?" Mwatime aliuliza. "Lisilotamkwa wamelijua. Linalotamkwa wanalisikia."

"Litakuwa na nusu mbili," alisema Somoe. Alikuwa ameliwazia usiku kucha, na lilimuuma kama mwiba wa samaki. "Nusu yako mimi nisiijue. Nusu yangu usiijue wewe. Utaliambia sikio kitu, ukikate kwa kisu chako mimi nikiwa nimekupa mgongo. Nami hivyo hivyo. Vipande vyetu vipishane kama vidole vya mikono miwili. Huyo ndiye mama."

"Na mabinti?"

"Mabinti sitawazungusha tena. Kila binti atazaliwa na mama akichanganyika na vumbi la duru iliyotangulia: punje nyeusi zilizoangukia kona hii ni ngapi, nyeupe ni ngapi, hizo ndizo zitakazoamua kisu kikate wapi. Vumbi linabadilika kila duru na kila picha. Binti akikamatwa, ahojiwe mpaka achoke, hana la kumsema mama yake, kwa kuwa hakumwona."

"Maskini," Mwatime alisema. "Watoto wasiomjua mama."

"Ndiyo usalama huo."

"Haya. Sikusema si usalama. Nimesema maskini."

Walijaribu kwanza kwa picha mbili za birika, kwa tofauti ya unywele. Vijivu viwili havikujuana. Somoe alivitazama kwa pembe zote, akavikaribisha puani kama anavinusa. Mdomo wa birika haukuwepo popote.

Kisha zamu ya mwenyewe. Somoe aligeuka akatazama ukuta. Nyuma yake alisikia Mwatime akiinama, pumzi yake nzito, mnong'ono mrefu kuliko alivyotegemea, kisha kisu. Masikio ya Somoe yalijitahidi yenyewe, bila ruhusa. Hayakupata kitu. Akageuka, Mwatime akampa mgongo. Somoe aliinama mpaka midomo ikagusa punje za kijikovu cha jogoo.  Aliposema, alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba yeye mwenyewe hakuisikia, aliihisi tu kwenye ulimi kama chumvi. Akakata.

Duru baada ya duru, sura ikaenda zake.

Jua lilipopinduka Mfutaji alifika na ubao wake mgongoni, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Alisalimia wote, akauliza hali ya paka. Akashusha mkeka kwa heshima, kama mtu anayeshusha maiti, akaanza kukata. Mikono yake ilikuwa mizuri, Somoe alilazimika kukiri. Alikata herufi kwa herufi jina lile lisilotajwa, akazungusha, akakata, akazungusha. Kijivu. Akarudia kutoka mwisho. Kijivu. Alijaribu jina la mama wa mwenyewe, la Mwatime, la Somoe, akajaribu hata neno Kioo. Jasho lilimtoka kwenye ncha ya pua, akaliacha lidondoke pembeni lisiharibu punje. Na kila jaribio aliliondoa kwa uangalifu, akarudisha kijivu kilivyokuwa.

"Bi Somoe," alisema hatimaye. "Mumeo anaitwa nani?"

Mwatime alishika ukingo wa ungo.

"Muombwa," Somoe alisema.

Lilitoka kwa urahisi wa kutisha. Lilikuwa jina tu. Alitazama pale lilipoanguka, kati ya viatu na paka, asiamini kwamba alikuwa amezunguka kitu kile kidogo maisha yake yote ya ndoa.

"Muombwa," akarudia. "Andika ukitaka."

"Limekuja limechelewa," Mfutaji alisema bila hasira. Macho yake yalikuwa kwenye bakuli la maji jikoni, ambamo visu viwili vilikuwa vimelowekwa, kimoja cha mpini mweusi na kimoja cha mpini wa mti. Akavitazama kwa muda, akacheka kidogo puani. "Nusu kwa nusu. Vizuri. Vizuri sana." Akavua glavu, akazikung'uta. "Basi nitangoja. Wanawake wawili wanaoshukiana ni kufuli bora kuliko yote niliyoyaona. Lakini watu hawashukiani milele. Siku mtakapopatana, mtakuwa mlango."

Akapanga ubao wake, akavaa viatu, akaenda. Kile kioo kidogo kilichotazama ukuta hakukigeuza. Labda alisahau. Somoe hakuamini kwamba alisahau.

Walitundika mkeka. Walikaa, mmoja huku, mmoja kule. Mwatime alikuwa karibu na mtungi. Paka alihama kutoka kwa huyu akaenda kwa yule, kama anayepeleka ujumbe. Somoe alimtazama wifi yake: mikono iliyotupa punje nzima ya mchele, kinywa kilichonong'ona kwa muda mrefu. Alimwambia nini? Alimwambia ajifiche zaidi? Alimwambia mke wako hakufai? Anaweza kuwa na neno la Kioo ulimini sasa hivi, na mimi ninakaa naye, nakula naye, namwita wifi. Kufuli bora. Ndivyo alivyosema yule. Tukiendelea hivi, mwenyewe yuko salama. Nikimchukia huyu mpaka kufa kwangu, mwenyewe atazeeka vizuri.

Akakitazama kijivu. Hakikuwa na sikio. Hakikuwa na mtu yeyote. Kilikuwa salama kama ukuta ulivyo salama.

Koo lilikuwa limemkauka. Mwatime aliona, kama mawifi wanavyoona, akachukua kata akafunua mtungi, akangoja ile amri aliyoizoea ya nipe maji.

Somoe alijua anachotaka kukifanya. Nusu yake ikishatoka, Mwatime atakuwa na zote mbili, na hapatakuwa na kisu, duru wala binti wa kumzuia. Alijua hilo, akapima, akakata.

"Naomba," akasema.

Neno lilimkwaruza kama mfupa. Mwatime alisita na kata mkononi, maji yakidondoka sakafuni.

"Unaomba maji, wifi?"

"Maji utanipa. Ndivyo nilivyomwambia sikioni. Kioo kiwepo, kisiwepo." Akameza mate yasiyokuwepo. "Nilimwambia, naomba urudi."